Mwanafunzi na Kelele za Uchaguzi

Mwezi wa Julai mwaka 2022, katika Kaunti ya Murang'a, mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wake wa mwisho. Umri wake ulikuwa miaka 17, na kwa hiyo hakuwa na kura. Lakini masikio alikuwa nayo, na hayo hayakupumzika. Kila siku malori yenye vipaza sauti yalipita karibu na shule, vijana wakicheza juu yake, na jina la mgombea likatajwa mara nyingi bila kusemwa hata neno moja juu ya kazi atakayoifanya. Kampeni ziliruhusiwa tangu saa moja asubuhi hata saa kumi na mbili jioni. Lakini giza lilipoingia muziki ulikuwa ukinguruma bado sokoni, na taa ya mwanafunzi iliwaka bure.

Mwanafunzi huyo hakuchukia uchaguzi. Alijua ya kuwa mtu asiyejulikana hawezi kuchaguliwa, na ya kuwa wananchi wana haki ya kuwasikia wote wanaotaka kuwawakilisha. Jambo lililomsumbua ni kwamba, katika makelele yale yote, hakusikia kitu. Basi akafungua Katiba ya mwaka 2010, akasoma Jedwali la Nne, mahali palipoandikwa kazi za serikali za kaunti. Humo aliona kilimo, zahanati, masoko, barabara za kaunti na shule za watoto wadogo. Shule za sekondari hazimo, maana hizo ni kazi ya serikali ya taifa. Na hata hivyo wagombea wa wadi walikuwa wakiziahidi kila siku. Akaendelea kusoma, akakuta kwamba kuzuia kelele zinazowaudhi watu ni kazi ya kaunti vilevile. Yaani wale waliowanyima watu usingizi walikuwa wakiomba wapewe kazi ya kuulinda!

Jumamosi moja lori lilisimama karibu na kiwanda cha kahawa. Mwanafunzi akasogea, akavua kofia, akasema, "Mheshimiwa, samahani. Mvua ikinyesha, wazee wetu hubeba magunia ya kahawa mabegani kwa ubovu wa barabara hii. Ukichaguliwa utafanya nini?" Mgombea akafungua kinywa, lakini kijana mwenye mtambo akaongeza muziki, na lori likaondoka.

Jioni baba yake akamwambia, "Mwanangu, asiye na lori tutamjuaje?"

"Baba, lori hukodishwa kwa fedha. Naye anayemaliza fedha zake kwa kelele, atazirudisha kutoka wapi?"

Mzee hakujibu. Kwa hakika mpiga kura hahitaji kelele nyingi ili achague vema. Ahitaji kimya cha kutosha, apate kuuliza na kujibiwa.

Kampeni zilifungwa tarehe 6 Agosti. Usiku wa tarehe 8 kijiji kilikuwa kimya, hata maji ya mto yalisikika. Mzee akaleta kiti chake karibu na taa, akasema, "Hebu nisomee tena zile kazi za kaunti." Akasikiliza mpaka mwisho. Asubuhi akaenda kupiga kura. Na kwa kuwa kura ni siri, mwanawe hakumwuliza alimchagua nani.