Mita Sitini za Mto Themi

Mto Themi huanzia kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, mlima wa volkano wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Hushuka katikati ya Jiji la Arusha, ukapita Njiro na tambarare za kusini, ukamwaga maji yake katika Kikuletwa na hatimaye kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Mito ya Naura, Ngarenaro na Kijenge nayo hupita mjini humohumo. Mito hiyo imekaribiana kiasi kwamba mji haukuweza kupanuka bila kuigusa.

Kabla ya ramani, chanzo cha maji kilikuwa na wenyewe. Kwa Wameru na Waarusha, mfereji uliotolewa mtoni ulisimamiwa na wazee waliopanga zamu za kumwagilia na siku ya kuuzibua. Asiyefika na jembe alitozwa faini. Mkuyu uliosimama juu ya chemchemi haukukatwa, na mifugo ilinyweshwa chini ya mahali pa kuchotea, kamwe si juu yake. Hakuna aliyepima kwa mita. Mpaka ulijulikana kwa miti, na kila mtoto aliyetumwa maji aliujua.

Wajerumani walijenga boma la Arusha mwaka 1900 na kuutenga msitu wa juu mlimani kuwa hifadhi. Chini ya Waingereza, sheria ya mipango miji ya mwaka 1956 iliweka utaratibu wa michoro na vibali vya ujenzi. Sehemu ya bonde la Themi karibu na katikati ya mji iliachwa kijani, na waliokulia Arusha miaka ya 1970 wanalikumbuka hivyo: matete marefu kuliko mtu, magimbi ukingoni, nguo zimeanikwa juu ya mawe meusi, maji ya baridi ya kukata miguu hata mwezi wa Januari.

Mambo yalibadilika mji ulipopewa kazi kubwa. Mwaka 1967 Arusha ikawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki; miaka iliyofuata viwanda vilijengwa eneo la Themi. Sensa ya 1967 ilikuta watu wapatao 32,000 mjini. Ya 2012 ilihesabu 416,442 na ya 2022 ikafika 617,631. Mipaka ya mji nayo ilipanuliwa, lakini idadi hiyo haikupata viwanja vilivyopimwa. Mashamba ya ukoo yaligawanywa kwa watoto, watoto wakauza vipande, na mauziano yakaandikwa kwenye karatasi ya serikali ya mtaa mbele ya mashahidi. Ukingo wa mto ndio uliokuwa rahisi kupatikana, kwa kuwa haukufaa kwa kahawa wala migomba ya maana. Aliyenunua hapo hakuwa mvunja sheria. Alikuwa mtu mwenye fedha kidogo aliyeonyeshwa mahali na dalali.

Sheria ilifika wakati kuta zimeshapanda. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 iliitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilipiga marufuku shughuli za kudumu ndani ya umbali huohuo, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ikaurudia kwa ajili ya vyanzo vya maji. Kwenye karatasi mita 60 ni kidogo. Kwenye robo eka ya Arusha, ambayo ni kama mita 20 kwa 50, kiwanja kizima humezwa: nyumba, choo, banda la ng'ombe na migomba yote.

Kwa hiyo alama ya mpaka ikawa bikoni ya zege, wakati mwingine ikiwa imesimama katikati ya ua wa mtu, na kwenye baadhi ya kuta X nyekundu, ishara ya kubomolewa. Wenye X waliuliza swali la haki: kama hapa ni hifadhi, kwa nini nguzo ya umeme ililetwa na kodi ya majengo ikapokelewa? Wataalamu nao walikuwa na hoja nzito. Sehemu nyingi za Meru maji ya ardhini yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, ndiyo maana watu wengi waliokulia huko wana meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi za juu mlimani kwa kawaida zina floridi kidogo. Zikiharibiwa, kuchimba kisima popote hakutazirudisha.

Mto si mpaka pekee wa mji; viwanja vya ndege navyo vina mipaka yake, yenye historia nyingine. Kiwanja cha Arusha kipo Kisongo, upande wa magharibi, na njia yake ya kurukia imelala mashariki na magharibi, kwa hiyo ndege inayoruka kuelekea mashariki huelekea upande wa mji. Kwa kanuni za kimataifa, kuzunguka kiwanja kuna anga isiyoingiliwa: ukomo wa mita 45 juu ya usawa wa kiwanja, na masharti makali zaidi kwenye njia ya kutua. Anayetaka kujenga ghorofa au mnara karibu hupaswa kupata kwanza ridhaa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Madampo na mabwawa ya majitaka nayo huwekwa mbali, kwa kuwa huvuta ndege wenye mbawa ambao wakiingia kwenye injini huleta maafa.

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa mwaka 1971 kati ya Arusha na Moshi, ulipewa eneo kubwa sana. Mgogoro wake na vijiji vya Hai na Arumeru ulidumu miaka mingi, kwani wafugaji waliona malisho pale ambapo ramani iliona uwanja.

Hata hivyo, mstari wa anga umeshika kuliko wa mto, na sababu iko wazi. Anga ina mamlaka moja ya kuuliza. Mto una wengi: halmashauri ya jiji, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, mamlaka ya maji, baraza la mazingira, serikali ya mtaa. Kila mmoja anaweza kukataza, lakini aliyewahi kuwa pale siku kiwanja kinauzwa ni mwenyekiti wa mtaa peke yake. Matokeo yake huonekana masika. Aprili 2024 maji ya korongo yalisomba gari la wanafunzi eneo la Muriet, na watoto wakapoteza maisha.

Siku hizi mpango kabambe wa jiji unatazama hadi mwaka 2035, na kazi kubwa mitaani ni urasimishaji wa makazi. Mpima huanza na ukingo wa mto, huhesabu mita 60, kisha ndipo huchora viwanja na njia. Walio nje ya mstari hupata namba ya kiwanja na hatimaye hati. Walio ndani huendelea kuishi humo, bila hati, wakisubiri uamuzi kuhusu fidia.