Kingi na Nzige wa Nchi Kavu

Ukitoka Goma kwenda Kingi, wapita kwanza kati ya mawe meusi ya volkano hadi Sake, kando ya Ziwa Kivu. Kisha wapanda milima ya Masisi. Huko juu kuna baridi na mvua nyingi, na majani ya malisho yamevifunika vilima. Hapa si kwao nzige, kwa maana nzige ni mtoto wa nchi kavu. Walakini majani haya mabichi ndiyo chakula akipendacho.

Wako nzige wawili wa kuogopwa, na kila mmoja ana namna yake ya kushinda ukame.

Nzige wa jangwani huukimbia. Hutaga mayai katika mchanga uliolowa mvua; watoto wakiota mabawa, kundi lao hufuata upepo, na kwa siku moja laweza kwenda kilomita 100 na zaidi.

Nzige mwekundu huungoja upite. Hukaa katika mbuga zinazofurika wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi, kama Rukwa nchini Tanzania na Mweru wa Ntipa nchini Zambia. Huvumilia kiangazi chote pasipo kutaga. Mvua zirudipo ndipo hutaga, na kizazi chake ni kimoja tu kwa mwaka.

Toka 1930 hata 1944, nzige wekundu waliotoka katika mbuga hizo walienea karibu Afrika yote iliyo kusini ya ikweta. Nao wa jangwani, Februari 2020, walifika Ituri, pwani ya Ziwa Albert. Hawakuwa wameonekana Kongo tangu 1944.

Basi mkulima wa Kingi hulindwa na watu asiowajua, wakeshao katika mbuga za mbali. Mwaka 1949 serikali mbalimbali zilipatana kuyalinda mazalio ya nzige mwekundu. Na mwaka 2009, huko Tanzania, walinyunyiziwa kuvu iwauayo nzige, kabla hawajaruka kwenda kwa majirani.

Tangu 2022 vita vimewaondoa wengi wa Masisi katika mashamba yao. Shamba lisilo na mwenyewe halina wa kupiga mbiu adui ajapo. Tuombe amani, ndugu, tena tuitafute. Kwani jirani akeshaye ni ukuta wa nyumba yetu.