Sekunde 30 Tu

Kwetu Mpwapwa kikohozi si habari. Kiangazi kikikolea, vumbi linapanda, na ukipita sokoni kila wa pili anakohoa. Kwa hiyo sikushangaa pale mhadhiri wetu wa udaktari alipotumia kipindi kizima kuongelea kikohozi cha mgonjwa anayesubiri nusu kaputi, na jamaa wa viti vya nyuma wakaanza kuchungulia simu. Kukohoa tu?

Sikilizeni, wanachuo wenzangu. Fentanili ni dawa ya maumivu ya jamii moja na mofini, ila nguvu yake inafika hata mara 100. Paul Janssen wa Ubelgiji aliitengeneza mwaka 1960. Wataalamu wa usingizi wanaipenda kwa sababu inafanya kazi fasta. Tatizo ni kwamba ikisukumwa mshipani kwa pupa, baadhi ya wagonjwa hukohoa ndani ya dakika moja, kabla hata usingizi haujawachukua. Wengi hutulia wenyewe, yakaisha.

Mimi nilimfikiria binamu yangu, mchunga ng'ombe, aliyechomwa jicho na mwiba wa mgunga. Jicho lililotoboka halitaki presha. Kikohozi kikali hupandisha presha humo ndani, na vilivyomo vinaweza kusukumwa nje kupitia kile kitundu. Jicho ambalo lingepona linaondoka hivihivi. Hatari kama hiyo ipo pia kwa aliyevujia damu kichwani baada ya ajali ya bodaboda.

Sasa raha ni kwamba kinga yake haihitaji mashine. Dawa isukumwe polepole, kama sekunde 30 badala ya mbili. Izimuliwe iwe nyepesi. Wengine hutanguliza lignokeini kidogo mshipani, au ketamini kidogo, dawa ambayo hospitali zetu za wilaya zimeizoea. Hata kumwomba mgonjwa apumue nje kwa nguvu kabla ya sindano husaidia.

Binamu alishonwa salama, na leo anahesabu ng'ombe kwa macho mawili.

Wengi wetu tutapangiwa wilayani. Kutakuwa na siku foleni ni ndefu, umeme umekatika mara mbili, na muuguzi anauliza mmefikia wapi. Siku hiyo mkono utataka kuharakisha. Uzuie. Nusu dakika haiombewi bajeti.