Tarakilishi ya Watu Watatu

Zamani kidogo tulikuwa watu watatu wenye tarakilishi moja katika chumba cha kupanga mjini Embu. Mmoja alipiga chapa barua za watu, wa pili aliweka hesabu za wakulima wa kahawa, na mimi nilikuwa nikiandika kazi ya mwalimu mmoja mzee wa Meru. Macho yake yalikuwa yamepungua nuru, kwa hiyo alinisimulia nami nikaandika yale aliyoyapokea kwa babu yake juu ya safari ya Wameru kutoka Mbwaa. Babu alikuwa amekwisha kufa. Maneno yale hayakuwa na chemchemi nyingine.

Sote watatu tuliingia kwa akaunti moja, nayo ilikuwa akaunti ya msimamizi. Kuwekeana maneno ya siri tulikuona kama kufungiana milango, na ndugu hawafungiani milango. Jioni moja nilipata kwa rafiki flashi yenye programu ya kusahihisha tahajia, nikaiendesha bila kufikiri. Kulipokucha, faili za wote watatu zilikuwa zimefutika.

Nilipanda gari kwenda Meru kuungama. Barabara ile hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, kando ya miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, na katika kila mto tuliouvuka nilitamani gari lirudi nyuma. Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, kitu hicho kilipataje ruhusa ya kugusa maneno ya babu?”

Sikuwa na jibu siku ile. Nilipolipata lilinichoma: ruhusa nilikipa mimi.

Programu haina cheo chake yenyewe. Huazima cheo cha aliyeiita. Katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, kila mtumiaji ana namba yake. Kila faili hubeba namba ya mwenyewe, na kwa kawaida programu hubeba namba ya aliyeianzisha. Programu ikitaka kufungua faili, kiini cha mfumo hutazama namba hizo na ruhusa zilizoandikwa, kisha hukubali au hukataa. Lakini namba 0 ni ya msimamizi, naye karibu hakatazwi kitu. Sisi tulikuwa tukiandika hata barua ya posa kwa mamlaka ya kubomoa nyumba nzima! Wala hatukuwa peke yetu katika upumbavu huo. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, akaunti ya kwanza nyumbani ilikuwa ya msimamizi, na watu wengi hawakufungua nyingine.

Huko Mbeere nimepata kuona mti mmoja wenye mizinga ya watu watatu. Wote walipanda shina lilelile, lakini kila mmoja alirina asali ya mzinga wake, wala sikusikia mtu akisema kwamba desturi hiyo iliua udugu. Basi tuligawana akaunti. Kila mtu alipata yake, isiyo na mamlaka juu ya faili za wenzake. Ile ya msimamizi tuliiacha kwa kazi ya kuweka programu tulizokwisha kuzichunguza. Akaunti ya nne tuliiita ya mgeni. Haikuwa na faili ya mtu, na humo tulijaribia programu tuliyoitilia shaka.

Dawa hii haiponyi kila ugonjwa. Programu mbaya niliyoiendesha katika akaunti yangu yaweza bado kuharibu vyote vilivyo vyangu, na kiini cha mfumo chenyewe kikiwa na kasoro, ukuta waweza kurukwa. Nazo flashi nyingi zimepangwa kwa utaratibu wa FAT, usioandika jina la mwenye faili. Aliye nayo mkononi ndiye mwenyewe. Kwa hiyo tangu siku zile kazi yangu huiwekea nakala mahali pengine, mbali na tarakilishi ile.

Mwalimu alikubali kunisimulia upya. Sura mbili za kwanza zilirudi karibu nzima. Katika ya tatu alifika mahali pa jina la mzee mmoja aliyeongoza watu, akanyamaza, akafikicha macho, akasema alilijua mwaka uliopita. Tuliacha nafasi tupu katika mstari ule, nayo iko vilevile hata leo.