Mwendo wa Mama Mbeba Makala



Mji wetu wa Bukavu hauna njia tambarare ya kumdanganya mtu. Anayekaa Kadutu hushuka asubuhi na kupanda jioni. Anayekaa Muhumba, kwenye rasi ile inayoingia ziwani kama mguu uliovaa buti, naye ana vilima vyake. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu nyingi ziko juu zaidi ya hapo. Sisemi haya ili kujitafutia visingizio. Lakini mlima ni mlima, na mapafu huyajua mapema yale ambayo kiburi hakitaki kuyajua.

Nilianza kukimbia nikiwa na umri wa miaka 34. Sababu yenyewe haikuwa ya sifa. Daktari alinipima msukumo wa damu, akalitazama tumbo langu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huwa natembea kwa miguu. Nikamjibu kwamba huwa napanda moto. Hakucheka. Juma lile lile nikanunua viatu vya michezo vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya, na Jumamosi, saa kumi na moja ya alfajiri, nikatoka nyumbani.

Kosa langu lilianzia mlangoni. Kwangu mimi, kukimbia kulikuwa na maana moja tu, ile niliyoipata shuleni: filimbi inalia, nawe unakwenda kwa nguvu zote ulizo nazo mpaka uanguke au ufike. Hakuna aliyetufundisha kukimbia polepole. Aliyekwenda polepole aliitwa mvivu, akachekwa na wasichana waliokaa kando ya uwanja. Kwa hiyo mtu mzima wa miaka 34, mwenye tumbo na watoto wawili, alitoka mbio kama anayefukuzwa na mbwa. Kushuka kutoka Kadutu ni kwepesi, kwa maana mtelemko humsifu kila mtu. Nilipofika Nyawera, kinywani nilikuwa na ladha ya chuma, ubavu ulinichoma, na macho yaliona nyota ambazo hazikuwa za alfajiri. Nilirudi nyumbani kwa moto, nikalipa franka zangu kwa aibu.

Nilijaribu tena Jumamosi iliyofuata, na nyingine, kwa namna ile ile. Katika mwaka mmoja niliacha mara tatu. Niliwaambia watu kwamba mbio hazinipendezi. Ukweli ni kwamba sikuwa nimezionja mbio hata siku moja. Nilikuwa nimeonja kukosa pumzi, nikadhani ndizo mbio zenyewe.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja ambaye hata jina lake silijui. Mnawafahamu kina mama wanaobeba mizigo katika mji wetu, kamba imepita juu ya paji la uso, gunia limelala mgongoni, mwili umeinama mbele. Asubuhi moja nilikuwa nikipanda kurudi Kadutu kwa mtindo wangu: nakimbia kwa nguvu, nasimama nikishika magoti, nakimbia tena. Yeye alikuwa amebeba gunia la makala. Nilimpita kwa kishindo. Niliposimama kupumua, akanipita. Nikamkimbilia, nikampita, nikasimama, akanipita. Mara ya nne nilipomfikia, alisema bila kugeuza kichwa, maana kamba haikumruhusu: «Mwanangu, unafukuzana na nani?»

Sikuwa na jibu. Nilipunguza mwendo nikaenda nyuma yake. Miguu yake ilikuwa na hatua fupi, zote za kipimo kimoja, iwe mahali penye mawe au penye matope. Pale ambapo mlima ulizidi kusimama, hakuongeza nguvu; alifupisha hatua. Hakusimama hata mara moja. Tulipofika juu, yeye na gunia lake, mimi na mikono yangu mitupu, aliniambia, «Haya, mchana mwema,» akapinda kona kuelekea sokoni. Nilibaki pale, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimefika juu bila kichefuchefu.

Sitaki mfikiri kwamba nausifu mzigo ule. Hakuna haki katika mama kubeba gunia mfano wa punda ili watoto wale, na siku moja tutalizungumza jambo hilo katika ukurasa huu kwa namna linavyostahili. Nasema tu kwamba yeye alijua kitu ambacho mimi, pamoja na diploma yangu, sikukijua.

Baadaye nilisoma na kuulizia, nikaelewa sababu. Misuli yetu huhitaji oksijeni ili itumie mafuta na sukari iliyohifadhiwa mwilini. Ukienda kwa mwendo ambao moyo na mapafu vinaweza kuulisha, waweza kuendelea muda mrefu na akili ikabaki huru kutazama ziwa, kusikiliza ndege, kuzungumza na mwenzako. Ukivuka kiwango hicho, misuli hulazimika kutumia sukari kwa njia ya haraka isiyongoja oksijeni. Njia hiyo yafaa kumkimbia mbwa. Haidumu: pumzi hukatika, miguu huwa mizito, nawe hutamani tu jambo lile liishe. Tena kuna hili ambalo wengi hatulijui: moyo na pumzi huzoea mapema kidogo, lakini mifupa na mishipa inayofunga misuli kwenye mifupa huchelewa kuimarika. Kijana anayejisikia ana nguvu baada ya majuma matatu ndiye anayevimba goti katika juma la nne.

Kipimo changu ni rahisi, wala hakihitaji saa ya mkononi. Nikiwa nakimbia, nasema Salamu Maria nzima kwa sauti. Nikiimaliza bila kukata maneno katikati, mwendo ni mzuri. Nikilazimika kuvuta pumzi baada ya kila neno la pili, nimekwenda mno, basi napunguza. Na kama kupunguza hakutoshi, natembea. Ndiyo, natembea. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, aliwafundisha watu wengi kuchanganya kukimbia na kutembea tangu mwanzo, kabla ya kuchoka. Ikiwa mtu wa Olimpiki hakuona haya kuwatembeza wanafunzi wake, mimi wa Kadutu nione haya ya nini?

Na wale wepesi kabisa, je? Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, jirani yetu Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia kilometa 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hesabu za kila kilometa zilizunguka dakika 2 na sekunde 50, kilometa baada ya kilometa, zikipishana kwa sekunde chache tu. Hakuanza kwa kishindo ili watazamaji wampigie makofi. Mwendo wake ni wa kutisha kwetu sisi, lakini kanuni yake ni ile ya mama mbeba makala.

Najua kuna wanaongoja nimtaje Mtume Paulo na mfano wake wa wakimbiaji uwanjani. Mtasikia habari zake kwa mapadri. Mimi nina jambo la kuungama ambalo halimhusu.

Nilipokwisha kujifunza mwendo huu, mbio zilinikolea. Niliweza kushuka hadi Muhumba, kuizunguka rasi na kupanda tena nikiwa naimba. Msukumo wa damu ulishuka. Nikawa, kama mjuavyo watu waliogundua kitu, mhubiri asiyechosheka wa kukimbia polepole. Wakati huo mdogo wangu wa kike alikuwa amekosa mtihani wa Serikali. Jina lake halikuwamo kati ya waliofaulu, na kwa miezi miwili hakutoka nyumbani. Alikwenda Misa ya kwanza, ile ya gizagiza, ili asikutane na wenzake. Mama aliniambia, «Wewe unayekimbia, mchukue, apate hewa.»

Nikamchukua. Nilimfundisha yote niliyowaambia hapo juu, hata habari za oksijeni. Tukaanza kushuka. Kwa dakika kumi nilikwenda kwa mwendo wangu wa polepole, nikiongea peke yangu bila kujua kwamba naongea peke yangu. Nilipogeuka, alikuwa mbali nyuma, mkono ubavuni. Nilimpigia kelele: «Polepole tu, nakwenda polepole!» Nami nikaendelea, nikidhani atanifikia, kwa maana nilikuwa napendezwa, na asubuhi ilikuwa nzuri, na ziwa lilikuwa linang'aa. Nilizunguka Muhumba nikarudi. Nikamkuta ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, vijana wa moto wakimtania. Hakulia. Alisema tu: «Yaya, hata hapa nimekuwa wa mwisho.»

Tulipanda tukitembea, kimya. Hakukimbia tena karibu mwaka mzima.

Polepole yangu haikuwa polepole yake. Nilikuwa nimemchukulia mwendo wangu kama mwalimu yule wa filimbi alivyonichukulia wake, na tofauti ilikuwa tu kwamba mimi nilitumia maneno matamu. Jambo hili lilinisumbua kuliko tumbo langu lilivyowahi kunisumbua.

Ni wakati huo nilipokutana na hadithi ya Bill Bowerman. Alikuwa mwalimu maarufu wa riadha katika Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, mtu aliyewafunza mabingwa. Mwishoni mwa mwaka 1962, akiwa na miaka 51, alikwenda New Zealand kumtembelea mwenzake Arthur Lydiard, ambaye wanafunzi wake walikuwa wamepata medali za dhahabu Roma mwaka 1960. Mbali na mabingwa, Lydiard alikuwa amewaanzisha watu wa kawaida wa mji wa Auckland, baadhi yao wagonjwa wa moyo, kukimbia polepole kwa afya na furaha. Akamwalika mgeni wake kukimbia na kundi hilo. Bowerman alijidhania mzima. Haukupita muda mrefu, mlima ukamshinda, na kundi likampita. Mzee mmoja aliyepita miaka 70, ambaye moyo wake ulikwisha kushambuliwa na maradhi, alirudi nyuma akakimbia naye, akizungumza, ingawa mgeni hakuwa na pumzi ya kumjibu. Bowerman aliporudi kwao aliwaita wenyeji wa mji wake wakimbie polepole, na mwaka 1967 akatoa kitabu, pamoja na daktari wa moyo, kilichowafikishia Wamarekani wengi mazoea hayo.

Watu husimulia hadithi hii kwa ajili ya Bowerman. Mimi nilibaki na yule mzee. Alikuwa na uwezo wa kwenda mbele na wenzake. Asubuhi yake nayo ilikuwa nzuri.

Nilimwomba mdogo wangu radhi jikoni, akiwa anachambua maharagwe. Hakunijibu siku hiyo. Baada ya majuma kadhaa aliniuliza kama bado naamka Jumamosi. Nilimwambia ndiyo, na kwamba safari hii yeye atakuwa mbele na mimi nyuma, na akitaka kutembea tutatembea, hata kama ni njia yote. Tulitembea njia yote. Jumamosi ya pili alikimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine, kisha akatembea nguzo mbili. Kwa miezi mitatu tulihesabu nguzo. Nakiri kwamba mara nyingine miguu yangu iliwasha kama ya farasi aliyefungwa, na kuna Jumamosi niliyotoka peke yangu jioni ili niitulize. Sioni vibaya katika hilo.

Leo tuko kumi na wanne, wengi wenu mnatufahamu. Tunatoka kabla moto hazijajaa barabarani na kabla vumbi halijaamka. Anayekwenda polepole kuliko wote ndiye anayewekwa mbele, na hakuna ruhusa ya kumpita kabla ya Muhumba. Kuanzia pale wenye haraka zao wako huru hadi kona ya kurudia. Mlima wa Kadutu tunaupanda kwa kutembea, wote, hata yule kijana wa Kiro anayejiona Kipchoge. Mwanzoni alinung'unika. Sasa ndiye anayesimulia vichekesho mlimani, na nimegundua kwamba kucheka hupima pumzi vizuri kuliko Salamu Maria.

Mdogo wangu atafanya mtihani tena mwaka huu. Tukikimbia hatuuzungumzii. Jumamosi iliyopita, baada ya mvua, barabara ilikuwa na utelezi na mimi nilikuwa nimelala vibaya. Tulipokuwa tukitoka Muhumba, alikuwa hatua chache mbele yangu, akasikia jinsi ninavyohema. Aligeuka akasema, «Yaya, hebu sema Salamu Maria.» Nilifika nusu. Akapunguza mwendo bila kusema neno, akaanza kunihadithia filamu aliyoiona, yote, tangu mwanzo, mpaka tukafika penye mlima.