Prosesa ya Bei Nafuu

Mwezi Agosti mwaka 1998, kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa sokoni prosesa mpya, yaani kile kijipande kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Pentium II ya megahezi 450 iliuzwa kwa bei ya jumla ya dola 669. Celeron 300A, ya megahezi 300, dola 149. Mwenye kipato kidogo alijua fungu lake ni lipi.

Wapenzi wa kompyuta hawakuridhika. Kasi ya Celeron ilitokana na mapigo ya ubao mkuu, megahezi 66, yaliyozidishwa mara nne na nusu. Kizidisho hicho kiwanda kilikwisha kukifunga, lakini mlango wa mapigo ulibaki wazi. Walipoyapandisha hadi 100, prosesa ile ya bei nafuu ikafikia 450, sawasawa na ndugu yake. Ajabu ilioje! Kumbukumbu yake ya ndani ilikuwa kilobaiti 128 tu dhidi ya 512, lakini ilikwenda kwa kasi kamili, ilhali ya Pentium ilikwenda nusu.

Ubishi ukazuka. Wako waliouita ushindi wa mnunuzi, na hawakukosea sana. Wengine walikumbusha joto, gharama ya feni kubwa zaidi, na dhamana ya kiwanda isiyomlinda mwenye kuvuka kipimo. Wala si kila Celeron iliyostahimili; nyingine zilikwama hata kabla kompyuta haijawaka vizuri. Aliyenunua moja tu, kwa akiba ya miezi, alicheza kamari peke yake. Waliomsifia kasi hawakuahidi kumnunulia nyingine.