Gari Langu Lilisema Kuna Baridi ya -40

Wacha nianze na aibu yangu. Mwezi wa pili mwaka huu, dashibodi ya gari langu ilianza kuonyesha kwamba nje kuna nyuzi -40. Nilikuwa Nairobi, kwenye jamu, jua linawaka. Hata friza ya nyumbani hukomea karibu -18. Sasa mimi nikafanya nini? Nikapiga picha, nikaandika "Nairobi baridi imezidi, leteni makoti," nikaposti. Watu wakacheka kweli kweli. Ni mtu mmoja tu aliyeandika kwa upole: "Siz, angalia plagi ya mbele, karibu na rejeta." Nikamjibu kwa emoji ya kicheko, nikaendelea na maisha.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nampeleka Mama nyumbani Mombasa. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo siku kumi tu kabla ya hapo. Daktari alikuwa amesema twende polepole, apumzike njiani, na kidonda kikae kikavu. Tuliondoka alfajiri, vioo wazi kidogo, hewa safi. Tulipopita Kibwezi joto likaanza kupanda. Nikawasha AC. Upepo ukatoka, lakini ulikuwa ule ule wa nje, wa moto.

Mtito Andei nikatafuta fundi kando ya barabara. Akafungua boneti, akachungulia, akasema, "Madam, kompresa imekufa. Leta 55,000 niagize nyingine." Hakuangalia dashibodi hata mara moja. Lakini nisimlaumu peke yake, kwa sababu hata mimi sikumwambia. Kwangu ile namba ilikuwa kichekesho, haikuwa habari.

Pesa hizo sikuwa nazo, basi tukaendelea. Vioo chini, vumbi na moshi wa malori, Mama ameshikilia leso tumboni na jasho linamtiririka. Karibu na Voi akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Mwanangu, hiyo ndiyo joto ya injini?"

"Hapana Mama, ni ya nje."

"Ya nje wapi?"

Nilikosa jibu. Miaka mitatu naendesha hilo gari na sikujua ile namba inatoka wapi.

Kesho yake, Mombasa, jirani akaniletea fundi mwingine, mzee mpole. Kabla ya kugusa chochote akawasha gari, akaangalia skrini, akauliza, "Hii namba ilianza lini?" Nikafikiria. Ilianza baada ya kubadilishiwa bampa, pale matatu iliponigonga kidogo kwenye raundabauti. Mzee akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya grili, akatoa waya uliokuwa unaning'inia. Waliofunga bampa walisahau kuchomeka plagi. Akaichomeka. Tukazima gari, tukawasha tena: 36. Kompresa ikagonga "tak", AC ikaanza kupoa. Akachukua 500.

Sasa nieleze alichonifundisha, kwa sababu natamani mtu angenieleza mapema. Kwenye magari mengi, nyuma ya bampa ya mbele au ya grili, mbele ya rejeta, kuna kihisi kidogo cha joto. Mengine huwa nacho chini ya kioo cha pembeni. Ndani yake kuna kitu kinachobadilisha kiasi cha umeme kinachoruhusu kupita: joto likipanda umeme hupita kwa urahisi, baridi ikizidi hupita kwa shida. Kompyuta ya gari husoma ugumu huo na kuugeuza kuwa namba. Plagi ikichomoka, umeme haupiti kabisa. Kompyuta haijui kuna mtu amesahau plagi. Inaona ugumu usio na mwisho, kwa hivyo inaenda chini kabisa kwenye kipimo chake, ambako kwa gari langu ni -40. Gari lingine lingeonyesha vistari tu.

Na AC je? Mifumo mingi ya AC inayojirekebisha yenyewe hutumia kihisi hicho hicho. Nje kukiwa na baridi kali, kompresa huzuiwa isifanye kazi ili isiharibike. Yaani kompresa yangu ilikuwa nzima. Ilikuwa inatii tu. Iliambiwa tuko kwenye barafu, ikakaa kimya, huku Mama akiloa jasho Voi.

Hata kihisi kikiwa kizima, swali la Mama lina maana. Ya nje wapi? Ya pale kwenye bampa. Egesha gari juani saa sita, uwashe, namba itapanda juu ya hali halisi, kwa sababu lami inatoa joto na injini nayo inatoa lake. Ndiyo maana 36 yetu ilishuka hadi 31 tulipoendesha kidogo na upepo ukapita. Magari mengi hata huchelewesha kupandisha namba ukiwa kwenye jamu, kwa kujua kwamba joto hilo ni la injini. Kwa hivyo ukitaka kubishana na mtu kuhusu hali ya hewa, endesha kwanza. Na joto la injini lina mshale wake au taa yake. Usiangalie 24 ya nje ukadhani rejeta iko salama.

Maoni yangu ni haya. Sisi huamini dashibodi ikisema tunachotaka, na huicheka ikisema upuuzi. Lakini upuuzi wa ghafla ndio unaostahili kuulizwa: ulianza lini, na nani aliligusa gari kabla yake? Maswali hayo mawili ni ya bure. Yangeokoa kilomita 250 za mateso ya mama yangu, na ningekuwa na zile 55,000, ningezimwaga kwa kompresa ambayo haikuwa na shida.

Mama amepona, kidonda kimefunga vizuri. Yule aliyeniambia niangalie plagi nilirudi nikamtafuta, nikamwomba msamaha hapo hapo mbele ya watu. Akanijibu kwa emoji ya kicheko. Nilistahili.

Haya, yako inasoma ngapi sasa hivi? Ikiwa ni -40, usiposti kwanza. Inama uangalie.